Maji Safi ya Samaki wa Mgiriki

Jumatatu, 4 Oktoba 1971

Daftari hili nimelitoa stoo. Stoo ni mimi, kwa hiyo nimejiandikia hati mwenyewe na kujiidhinishia mwenyewe. Haya! Tumeanza.

Leo lori limeleta samaki kutoka Kilosa. Samaki wa urembo, si wa mboga. Mgiriki wa shamba la mkonge karudi kwao, nyumba yake imefungwa, na sanduku lake la kioo lenye samaki kumi na tisa halina mwenyewe. Meneja wetu, Ndugu Lupakisyo, kaliomba likae hapa mapokezi. Tarehe tisa Desemba Uhuru unatimiza miaka kumi, na mgeni rasmi atapita kwetu kabla ya kuingia mbugani. Meneja anataka akikanyaga mlango wa nyumba hii ya wageni akute kitu asichokitegemea Mikumi.

Wote wekundu. Wengine kama kidole gumba, wengine kama kiganja. Mmoja ana mkia mrefu kama shela, mapokezi wameshamwita Bibi Harusi.

Pamoja nao kaja mama mmoja, Bi Mwanakheri. Kafagia nyumba ya Mgiriki miaka kumi na moja. Njia nzima kakaa nyuma ya lori akishikilia blanketi juu ya kioo, samaki wasipigwe na jua. Kaanza kama kibarua wa usafi. Kazi ya kudumu itaamuliwa na kamati ya wafanyakazi mwanzoni mwa Desemba. Katibu wa kamati ni mimi.

Halafu upuuzi wangu. Meneja kanipa daftari la Mgiriki la kutunza samaki. "Hezekia, msomi wetu, utaliweza?" Nikafungua. Mungu wangu, herufi gani zile! Kigiriki kitupu, hata A sikuiona vizuri. Watu wanne wananitazama mdomoni. Nikasema: "Naliweza, Ndugu Meneja. Ni lugha ya kitaalamu kidogo." Nikafunua kurasa mbili tatu, nikatikisa kichwa kama daktari.

Tangu leo naitwa Bwana Samaki.

Alhamisi, 7 Oktoba

Bi Mwanakheri anaamka kabla yetu sote. Kila asubuhi anachukua kikombe cha bati, anateka maji ya sandukuni, anayainua juu hadi kwenye bega, anayamimina yarudi. Anateka, anamimina. Nusu saa nzima! Nikamwamkia shikamoo, ndipo nikamuuliza mchezo gani huu. Anasema Mgiriki alikuwa na kamashine ka umeme kanakopuliza maji, kameungua, na sasa yeye ndiye mashine. Samaki wanataka maji yanayotikiswa, anasema, maji yaliyolala kimya yanawachosha.

Chakula anawapa kidogo tu, kiasi cha kubana kwa vidole viwili. Maji habadilishi yote. Anatoa debe moja, anatia debe moja la maji ya mvua lililokaa siku mbili kivulini. "Maji yao ya zamani ndiyo nyumba yao, mwanangu. Utamtoa mtu nyumbani kwake siku moja?"

Nikamjibu kwamba daftari linasema hivyo hivyo. Aibu! Mwongo mkubwa.

Jumatano, 13 Oktoba

Leo kisomo cha watu wazima. Nafundisha Jumatatu na Jumatano saa kumi jioni, veranda ya nyuma, watu tisa. Bi Mwanakheri kajiandikisha. Kakaa na Yohana mpishi, kila mmoja anachungulia daftari la mwenzake kama watoto. Yohana ni Mnyamwezi na mimi Msagara wa Lumuma, kwa hiyo ni mtani wangu, na hanipi nafasi ya kupumua. Nimeandika "ba be bi bo bu" ubaoni, yeye kasema: "Hata mbuzi wa Lumuma anajua hayo."

Baada ya kisomo Bi Mwanakheri kanivuta hadi kwenye kioo. Kasema tazama. Mimi sikuona kitu. Kanionyesha: huyu kabana mapezi ubavuni, hayatandazi. Huyu anajisugua kwenye jiwe. Yule wa nyuma kajitenga pembeni. Nikatazama sana — kweli, mkiani ana vidoa vyeupe, kama kanyunyiziwa chumvi laini. "Ni ugonjwa wa nukta," anasema. "Ukingoja uone nukta kwa wote, umeshachelewa."

Kasema atawatenga watatu hao katika beseni na kuwatilia chumvi ya mawe kidogo. Nikamwambia afanye. Nikamwambia ndivyo nilivyokuwa nimekusudia.

Ijumaa, 22 Oktoba

Watatu wamepona! Wamerudi kwa wenzao, mapezi wazi, wanakula kwa fujo. Meneja kaja na wageni wawili kutoka Dar, kaniwekea mkono begani: "Huyu ndiye tabibu wao." Bi Mwanakheri alikuwa pale pale anafuta vumbi dirishani. Mfungo umeanza, midomo imemkauka.

Nilitaka kusema, si mimi. Nikawaonyesha wageni Bibi Harusi.

Jumanne, 9 Novemba

Mgeni kateleza mapokezi kwa ajili ya yale maji ya kikombe. Hakuumia, ila kelele zake zilifika jikoni. Meneja kaniita. "Bwana Samaki, huu mchezo wa kumwagiana maji umeandikwa kwenye daftari?" Ningesema nini? Nikasema haukuandikwa.

Nikamkataza Bi Mwanakheri. Kanitazama kidogo, kisha kasema: "Basi nitateka usiku wageni wakilala." Nikasema hapana, hata usiku. Nilisema kwa sauti ya ofisini, mapokezi wakasikia. Mwanamke wa rika la mama yangu.

Jumatano, 17 Novemba

Bwana Afya wa wilaya kapita kukagua. Katusimamisha wote jikoni kama watoto wa darasa la pili. Maji ya kunywa yachemshwe! Yafunikwe! Yasiguswe na mkono! Anasema maji ya mto ni kaburi. Kufika mapokezi, kasimama mbele ya sanduku la samaki, kasonya. Kioo kina ukijani, mawe yana utelezi, maji yana rangi ya chai hafifu. Kamuuliza meneja kama hiki ndicho tutakachomwonyesha mgeni rasmi. Meneja kanitazama mimi.

Kisomo leo: Bi Mwanakheri kaandika jina lake lote bila kutazama ubao. Mwanakheri. Ile h imelala chali lakini ipo. Kacheka mpaka kajifuta machozi kwa ncha ya khanga. Yohana kapiga makofi. Na mimi nilifurahi, kwa kweli.

Kesho anakwenda Kilosa kwa wanawe, Idi iko karibu. Atarudi Jumanne. Kaniachia maagizo ya samaki kana kwamba mimi ndiye kibarua. Chakula vidole viwili. Debe moja tu. Usiwasafishie mawe.

Usiwasafishie! Na Bwana Afya kanikodolea macho vile!

Jumapili, 21 Novemba

Nimechoka lakini nina furaha. Tangu jana nimefanya kazi ya watu watatu. Samaki nimewahamishia kwenye ndoo. Kioo nimekisugua kwa sabuni ya unga na brashi mpaka kinalia. Mawe nimeyatoa yote, nikayaosha kwa sabuni hiyo hiyo, yamekuwa meupe kama meno. Majani yale ya majini nimeyatupa, yanaoza tu.

Na maji! Hapa ndipo nilipotumia kichwa. Kama maji ya kuchemsha ndiyo mazuri kwa mtu, kwa nini samaki tumpe ya mtoni? Nimeazima masufuria mawili makubwa ya Yohana. Jana kutwa nimechemsha, nikayatia kwenye pipa safi, nikafunika vizuri yasiingie uchafu. Leo yamepoa. Yohana kasimama mlangoni na mwiko: "Mtani, unawapikia supu au unawapika wenyewe?" Nikamfukuza.

Sasa ukitazama kioo unafikiri hakina maji. Samaki wanaelea hewani! Meneja kapiga makofi mara moja. Laiti mwalimu wangu wa sayansi angeniona.

Jumatatu, 22 Novemba

Samaki wote wamepanda juu. Wanakaa wamepanga midomo kwenye uso wa maji, wanafungua na kufunga, kufungua na kufunga. Kumbe walikuwa na njaa ya siku nyingi! Yule mama aliwabania mno. Nimewapa mkate. Hawakuumaliza, umekwenda chini. Nimewapa na ugali kidogo.

Jumanne, 23 Novemba

Wanne wamekufa asubuhi. Wamegeuza matumbo.

Bi Mwanakheri kashuka kwenye basi saa saba mchana na mzigo wake kichwani. Alipoona kioo, mzigo aliuangusha pale mlangoni, sahani zikavunjika humo ndani. Hakusalimu mtu. Kaenda moja kwa moja, kazamisha mkono sandukuni mpaka kwenye kiwiko. Kaulamba. "Sabuni," kasema. Polepole, kana kwamba anajisemea mwenyewe.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya kaunta. Nikainamisha kichwa kwenye leja ya stoo, nikaandika idadi ya mashuka ambayo nilikwisha kuiandika.

Wa mapokezi walimwona na mkono ndani. Meneja kamwona pia.

Jumatano, 24 Novemba

Wamekwisha wote. Nimehesabu kumi na saba. Wawili sikuwaona, labda paka.

Yohana kafanya matanga! Sisi Wasagara na Wanyamwezi mtu akifa mtani ndiye mwenye msiba, ndiye wa kuzuia jeneza na kuwatania wafiwa. Basi kawapanga samaki kwenye sinia, kawafunika na kitambaa cha meza, kajifunga aproni kichwani kama mjane. Wafanyakazi wote wakaja uani. Akazuia njia, akasema marehemu hawatazikwa mpaka mfiwa alipe. Mfiwa ni mimi. Nikatoa sigara mbili. Kisha akaanza kulia kwa sauti: "Oooh, Msagara huyu! Kawachemshia maji! Kawaogesha na sabuni! Kawaua kwa usafi! Huko kwao Lumuma hata kuku huogeshwa wakafa!"

Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Meneja alicheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Ukweli wote ulisemwa mchana kweupe, mbele ya watu ishirini, neno kwa neno, na hakuna aliyeusikia, kwa sababu mtani akisema ni utani. Na mimi nilikuwa nashukuru Mungu kwa utani!

Bi Mwanakheri hakucheka. Alikuwa anatoa vipande vya sahani zake mzigoni.

Alhamisi, 25 Novemba

Meneja hacheki tena. Kamwahidi mtu wa wilayani kuwa mgeni rasmi atawaona samaki. Kaniita ofisini, kafunga mlango. Anasema taarifa lazima iende makao makuu, na taarifa lazima iwe na mtu. Kasema mwenyewe: "Wewe una daftari, unajua. Mama yule alikuwa na mkono ndani. Kazi yake kufua, mikono yake ina sabuni. Si ndivyo?"

Aliuliza. Hilo lazima niliandike hapa, hata kama hakuna mwingine atakayelisoma: aliuliza, na alingoja jibu.

Nikasema: "Inawezekana, Ndugu Meneja."

Inawezekana! Neno la mwoga.

Jumamosi, 27 Novemba

Sitaki kuandika ya leo. Naandika.

Meneja kaniagiza niandike maelezo ya Bi Mwanakheri, atie sahihi. Nimeyaandika kwa mwandiko wa kuunganisha, ule wa haraka, maana wao kisomo wanajua herufi za kitabu tu. Nilijua ninachofanya. Hivi ndivyo nilivyoandika:

"Mimi, Mwanakheri, kibarua wa usafi, nakiri kuwa siku ya Jumanne nilitia sabuni katika maji ya samaki bila kuelekezwa, na kwa uzembe wangu samaki wote walikufa."

Nikampelekea dobini. Alikuwa anakamua mashuka. Kajifuta mikono, kakaa kwenye ndoo iliyofudikizwa. "Nisomee, mwanangu, huo mwandiko wako unakimbia."

Nikamsomea. Nilishika karatasi ile ile na macho yangu yakafuata mistari ile ile, na mdomo ukasema: "Mimi, Mwanakheri, kibarua wa usafi, natoa taarifa kuwa samaki wa mapokezi waliugua na kufa, na nilijitahidi kuwasaidia kwa uwezo wangu."

Kasema: "Maneno mazuri. Mafupi." Kisha kaniomba kalamu. Nilikuwa nimebeba kidau cha wino wa dole gumba, nikamwonyesha. Akanicheka. "Dole gumba la nini, na wewe umenifundisha?" Kaandika jina lake. Kachukua muda mrefu, ulimi nje. Ile h safari hii imesimama vizuri kabisa.

Ni sahihi yake ya kwanza duniani. Kaniomba niitazame tena kabla sijaikunja.

Jumapili, 28 Novemba

Nimekwenda kanisani. Nimetoka kabla ya kushiriki. Mzee wa kanisa kaniuliza kama naumwa tumbo. Nikasema ndiyo.

Barua ya baba imefika kutoka Lumuma. Anauliza kama ni kweli nimekuwa tabibu wa samaki, habari imefika mpaka huko. Kijiji kizima kinafurahi.

Jumanne, 30 Novemba

Wawili hawakuliwa na paka.

Leo nimekwenda nyuma ya dobi kuhesabu mabeseni. Chini ya paa, kivulini, pana beseni la bati limefunikwa na kipande cha chandarua. Nikafunua. Bibi Harusi! Na mmoja mdogo. Maji yana rangi ya chai, majani ya mtoni yanaelea. Mkia umekatika kidogo, lakini mapezi wazi kabisa. Nilichuchumaa pale miguu ikafa ganzi.

Bi Mwanakheri kanikuta. Hakukasirika. Kasema Jumanne ile, mimi nikiwa nimeinamia leja, alizamisha mkono tena akawatoa wenye nguvu ndani ya khanga iliyolowa, wengine aliona macho yao yamekwisha. Kila asubuhi anawamiminia kwa kikombe. Kasema tusimwambie meneja kwanza, anataka mkia uote, awape zawadi siku ya kamati. "Wakiona wawili wapo, roho zao zitatulia. Na mambo ya kazi yangu yatakwenda vizuri."

Nikamuuliza — sijui ujasiri ulitoka wapi — nani alitia sabuni?

Kaendelea kumimina. Kasema: "Mtu aliyetaka wawe safi. Hakuwa na nia mbaya." Kisha: "Atakuja aseme mwenyewe. Mtu hawezi kukaa na kitu kama hicho."

Anajua! Anajua, na tangu Jumanne ile kanyamaza ananingojea mimi. Na mimi mfukoni mwa meneja nimeweka karatasi yenye jina lake.

Nilisema ninakwenda kuhesabu mabeseni mengine.

Alhamisi, 2 Desemba

Leo nilikuwa niseme. Nilifika mpaka mlangoni kwa meneja. Ndani kulikuwa na sauti ya taipureta, taka taka taka. Karani wa mapokezi anapiga chapa maelezo ya Bi Mwanakheri, nakala tatu, moja ya kamati. Kaniomba nimsaidie kusoma neno moja kwenye mwandiko wangu. Neno lilikuwa "uzembe". Nikamsomea.

Herufi za taipureta ni herufi za kitabu. Kila moja imesimama peke yake.

Nimerudi stoo.

Ijumaa, 3 Desemba

Yohana kaja stoo kuchukua mchele. Nikamtania, sijui nilisema nini, kitu kuhusu tumbo lake. Kapima mchele wake, katia sahihi. Mlangoni kageuka: "Mtani, yale ya siku ile ya matanga niliyasema nikicheka. Masufuria yangu yalirudi yananuka sabuni ya unga, ndiyo maana nilisema. Nilidhani na wewe utayasema, kwa namna yako."

Nikamwambia kesho. Kesho kwenye kamati.

Kasema haya.

Jumamosi, 4 Desemba

Naandika hapa mkutanoni. Daftari hili liko chini ya daftari la kumbukumbu. Katibu akiinama kuandika hakuna anayemshangaa.

Saa tatu na robo. Chumba cha chakula. Wajumbe saba, meneja, na Bi Mwanakheri kwenye kiti cha mbele. Khanga mpya. Miguuni pake pana beseni limefunikwa na chandarua, kila mtu anauliza ni nini, yeye anatabasamu tu. Mwenyekiti ni Yohana. Leo hana aproni.

Ajenda ya kwanza, mashuka. Imepita.

Ajenda ya pili, mahudhurio. Imepita. Nilikuwa niseme kabla ya ajenda ya tatu. Nimesafisha koo mara mbili. Meneja kanisogezea glasi ya maji. Maji ya kuchemsha! Nimeyanywa.

Ajenda ya tatu, vifo vya samaki na ajira ya Bi Mwanakheri. Meneja anaeleza Mwongozo wa TANU, haki na wajibu wa mfanyakazi. Anatoa nakala iliyopigwa chapa, anampa Yohana. Yohana anaitazama juu chini. Anasema, Katibu asome. Mkono wake uko hewani, karatasi inanielekea.

Nimenyoosha mkono. Sijaishika bado.

Bi Mwanakheri kanyoosha mkono naye. Kama kisomo, kidole juu. Anaomba asome mwenyewe. Anasema jambo lenyewe analijua, keshasomewa na mwalimu, kwa hiyo hatababaika sana, na herufi hizi ni za kitabu. Wajumbe wanapiga makofi. Meneja anasema ni jambo jema, hata mgeni rasmi ataambiwa. Yohana hapigi makofi. Ananitazama. Anangoja. Ananipa nafasi, naiona kabisa.

Nimeinama kuandika.

Yohana kampa karatasi.

Kasimama. Kidole chini ya neno la kwanza. "Mi-mi. Mwa-na-khe-ri." Makofi. "Ki-ba-ru-a wa u-sa-fi." Anasoma vizuri. Anasoma kuliko wote darasani. Mimi ndiye niliyemfundisha.

"Na-ki-ri." Kasita. Kacheka kidogo, karudia. "Nakiri." Anaendelea. "Ku-wa si-ku ya Ju-ma-nne."

Meneja kaacha kuchezea kalamu.

"Ni-li-ti-a." Kidole kinasogea. "Sa. Sa-bu. Sa-bu-ni."

Kidole kimerudi mwanzo wa mstari. Anasoma tena bila sauti, midomo tu. Ndani ya beseni samaki mmoja kapiga maji.

Sasa kanigeukia. Hana hasira. Ni ule uso wake wa veranda, wa saa kumi jioni.

"Mwalimu," anasema, "nimekosea kusoma?"

Wote wananitazama. Karatasi kaishika mbele yangu, kidole kiko pale pale kwenye neno, ananingojea nimsahihishe.

Hakukosea hata herufi moja.